Alama ya Kufuta

Mradi ulitupa kila mmoja kimoja:
kompyuta ya kiganjani, nyepesi kuliko kifuu,
na kijiti cha kuandikia kinachopotea kama sindano.
Mkufunzi alituonya: hiki hakina sanduku la akiba.
Kila unachokiandika kinaishi kwa betri mbili nyembamba.
Betri zikifa, kata nzima imekufia mkononi.
Kwa hiyo nilitembea na betri za ziada
pindoni mwa khanga, nimezifunga kama nauli.

Kaya mia na kumi na mbili, kutoka Mkunya
hadi pale njia inapoanza kuteremka kwenda kwenye maji.
Namba, jina, umri. Chandarua: kipo, hakipo.
Ukigusa kaya, ukabadili hata herufi,
kidude kinaipiga alama usiyoiona:
hii imeguswa, jioni isisahauliwe.
Zisizoguswa hulala.

Jioni, Newala mjini, nakikalisha kwenye kitako chake.
Waya unaingia kwenye kompyuta kubwa ya ofisi,
ile yenye kitambaa cha kufuma kichwani.
Nabonyeza kitufe kimoja,
jenereta inakohoa nje,
na wao wawili wanaanza kuulizana:
una jipya gani? Na wewe je?
mpaka wafanane.
Kulandanisha, ndivyo tulivyofundishwa.
Mimi niliona mashoga wawili
wanasukana na kupeana habari za mtaa.

Kaya ya sabini na nne. Siwema Nalyungu.
Mtoto: Yahya, miezi saba.
Alikuwa anamenya mihogo. Hakuinua uso.
"Huyo mtoe," akasema. "Tangu Jumatano."
Nikasema pole. Nikasema tena pole,
kijiti kikiwa mkononi.
"Umeshamfuta?"

Nikamweleza, sijui kwa nini, kama nilivyofundishwa:
ukifuta, hafutiki palepale.
Anatoweka kwenye kioo, lakini ndani yumo,
amewekewa alama ya kufuta,
anasubiri jioni, ile kubwa nayo ipate habari,
ndipo nafasi yake inaachwa wazi.

Kisu kikasimama.
"Kwa hiyo mpaka jioni yumo."
"Yumo."
"Basi usiwahi kurudi."

Sikuwahi. Nilikula mihogo yake kwa mbaazi,
chakula ambacho fomu haina pa kukiandika.
Akanionyesha chandarua. Nikaandika: kipo.

Ofisini nilikuta taa zimewashwa.
Hokororo, karani, alikuwa ameshinda akisahihisha tarehe
kwenye ile kubwa, zile tulizozikosea mwezi wa tatu,
siku tukaiweka mahali pa mwezi, mwezi mahali pa siku.
Nikabonyeza. Mstari wa buluu ukatambaa, ukasita,
ukaleta sentensi moja ya Kiingereza.
Hokororo akaisoma huku anatafuna korosho.

"Wewe umefuta, mimi nimesahihisha.
Ikiwa hivyo mashine haifuti.
Mwenye kuandika anamshinda mwenye kufuta.
Walioitengeneza waliogopa kupoteza."

Nikatazama kiganjani.
Kaya ya sabini na nne. Yahya, miezi saba.
Tarehe ya kuzaliwa sasa ni sahihi.

"Mfute tena, ulandanishe tena. Dakika mbili tu."
Jenereta ilikuwa na mafuta ya nusu saa.
Nikamwambia betri zangu zimechoka.
Hazikuwa zimechoka.

Nikakizima, nikapita njia ya nyuma,
kidude kimenilalia kiunoni, chepesi vilevile;
nami nikashika pindo kwa mkono mzima
kama mtu aliyebeba kitu kinachomwagika.
Kesho, nilijiambia. Mapema, kabla ya chai.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, ofisi imefungwa.
Nilibadilisha betri hata hivyo,
moja baada ya nyingine, haraka,
kabla kumbukumbu haijagundua.